Mrija umegoma kupitisha maji, nisukume?

Maswali ya wasomaji, majibu na nesi wenu

SWALI: Shikamoo nesi. Mama yangu alitoka hospitali na ule mrija mrefu wa mkononi, wanauita PICC, kwa ajili ya antibayotiki maana ana infeksheni ya mfupa na dozi ni ya wiki kadhaa. Mimi ndo nilifundishwa kuunganisha dawa na kuflashi, yaani kusafisha mrija kwa kupitisha maji ya chumvi. Mwanzoni ile sirinji ya maji ya chumvi ilikuwa inaingia kwa kidole kimoja tu, sahivi imekuwa ngumu, nasukuma inaenda kidogo inakwama, akigeuka inaenda, baadaye ngumu tena. Jana asubuhi ilikataa kabisa mchana ikakubali nikampa dawa. Kaka yangu anasema tuchukue sirinji ndogo ya mls 3 hiyo ina nguvu, tuzibue mara moja yaishe. Mama anaogopa na mimi naogopa. Tufanyeje? – Binti mlezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya mrija naanza na kaka yako, mwambie hiyo sirinji ndogo aiweke chini kabisa. Ana haki ya kusema ina nguvu, tena hapo ndo penye hatari, maana kadiri sirinji inavyokuwa nyembamba ndo presha inavyopanda kwa kidole kile kile, na presha hiyo inaishia kwenye mrija laini ulio ndani ya mshipa wa mama. Mrija unaweza kutoboka au kukatika, au ukasukuma donge la damu lililoziba likaingia kwenye mzunguko. Ndo maana mlifundishwa mls 10. Zile zinazokuja zimeshajazwa tayari mnaweza kukuta zina mls 5 tu ndani, hiyo sio shida, kinachotazamwa ni upana wa sirinji yenyewe sio maji yaliyomo. Na hata hiyo ya 10 ukiikamia kwa kiganja unaweza kuharibu, kwa hiyo kidole kikikutana na ukuta simama hapo hapo.

Sasa tuje kwenye mrija. Barua yako imeshanipa nusu ya jibu, umesema akigeuka inaenda. Kitu kinachobadilika na mkao mara nyingi ni mambo ya kukunjika au ncha ya mrija kugusa ukuta wa mshipa, sio lazima iwe damu imeganda. Kwa hiyo anza nje kabla hujawaza ya ndani.

Osha mikono, mkalishe mama penye mwanga, mvue nguo ya mkono mrefu kabisa usikunje tu maana watu wengi wanatafuta tatizo sehemu isiyopo kumbe klampu, kile kibanio cha kufungia mrija, imejificha chini ya mkono wa gauni na imefungwa. Ndiyo, klampu! Usicheke, hilo ndo la kwanza kila siku. Ukishaona iko wazi, pitisha jicho kutoka kwenye klampu mpaka pale mrija unapoingia kwenye ngozi, taratibu, ukitafuta palipojikunja, palipojisokota, au pale plasta ya uwazi ilipoubana mrija ukalala vibaya. Plasta ikibadilishwa juzi na ugumu ukaanza juzi basi jibu unalo, ila usiibandue mwenyewe kama hukufundishwa, mwite aliyeibandika. Ile sehemu ya klampu nayo ichunguze, ikibana pale pale kila siku mrija unajikunja na kubaki bapa hata ukiifungua, hapo unaukanda polepole kwa vidole unarudi duara.

Baada ya hapo tazama kile kikofia cha mwisho unapounganishia sirinji. Hiki watu wanakisahau kabisa. Kinaweza kuwa hakijakazwa vizuri, au kimebaki na damu ndani imekauka, ukikiangalia dhidi ya mwanga unaona wekundu mweusi mweusi kwenye kona zake. Kama ulifundishwa kukibadilisha, funga klampu kwanza halafu ndo ukifungue, safisha mdomo wa mrija kwa spiriti uache ukauke wenyewe bila kupuliza (tafadhali usipulize), weka kipya ambacho umeshakijaza maji ya chumvi, fungua klampu ujaribu tena. Ikipita kirahisi basi mwenye kosa alikuwa kikofia na mrija hauna neno. Kama hukufundishwa usijifunzie kwa mama, mrija ulio wazi bila klampu unavuta hewa kwenda moyoni.

Kikofia kikiwa sawa, mkao. Mwambie anyooshe mkono, auinue juu ya kichwa, ageuze uso upande wa pili, akohoe, avute pumzi ndefu, alale chali. Kila mkao jaribu kidogo kwa upole. Ikifunguka shukuru lakini usinyamaze, sababu mrija unaohitaji mtu ajipinde ili upitishe maji ni mrija wenye kesi, inawezekana umesogea. Na hapo kuna kitu cha kupima: mrija una alama za sentimita kwa nje na siku ya kuwekwa waliandika umebaki sentimita ngapi nje ya ngozi, kwenye kadi au fomu mliyopewa. Linganisha. Ukikuta umetoka zaidi ya pale, usiurudishe ndani hata kidogo, usitie dawa, piga simu.

Haya, tuseme nje yote safi na bado unagoma. Hapo ndo tunaingia kwenye mambo ya ndani, na yako ya aina mbili. Moja ni damu. Damu ikirudi nyuma ikakaa kwenye ncha inaganda, na hata isiporudi mwili wenyewe ukiona kitu kigeni ndani ya mshipa unakivisha utando polepole, utando huo unaweza kuja kufunika tundu. Ya pili ni dawa. Dawa mbili zisizopatana zikikutana ndani ya mrija zinatengeneza chembe chembe kama unga, mfano seftriaksoni na kalisiamu, au fenitoini ikikutana na maji ya glukosi. Ndo maana katikati ya dawa na dawa mnaambiwa mpitishe maji ya chumvi, sio kupoteza muda. Wanaolishwa kwa mshipa nao wanapata masalia ya mafuta yanayojipaka ndani.

Tofauti hii ina maana kwenye matibabu. Kama ni damu kuna dawa ya kuyeyusha, alteplasi, kawaida wanaweka mg 2 kwenye mls 2 ndani ya mrija, inakaa dakika 30 wanajaribu, isipofunguka wanaiacha mpaka dakika 120, na ikibidi wanarudia. Kwenye chembe za dawa au mafuta alteplasi haifanyi kitu, wanatumia vitu vingine kulingana na kilichoziba, kwa hiyo ukienda waambie kabisa kabla ya kuziba ilipita dawa gani na kama ugumu ulikuja ghafla au kidogo kidogo. Ghafla katikati ya kutoa dawa, mara nyingi ni dawa. Kidogo kidogo kwa siku kadhaa, wanaanza kushuku damu na utando. Haya yote ni kazi ya watu wa hospitali, nakueleza ujue kwa nini simu inatakiwa ipigwe leo wakati bado mrija ni mzito tu na sio siku umekufa kabisa, kuzibua kitu kilichoziba nusu ni rahisi zaidi.

Na sasa nikuseme kidogo mwanangu. Jana mrija ulikataa asubuhi, mchana ukakubali ukampa dawa. Hapana. Mrija uliokataa asubuhi hauaminiki mchana mpaka mtu ameuangalia. Piga namba mliyopewa, waambie mrija ni mzito, waambie na dozi inayofuata ni saa ngapi, wao wataamua mje, au nesi aje, au dawa itolewe njia nyingine kwa muda. Dozi kuruka kimya kimya nako sio sawa, infeksheni ya mfupa haina subira.

Kuhusu kuflashi kwenyewe, usisukume mkupuo mmoja. Sukuma kidogo, acha, sukuma, acha, yale maji yanapiga msukosuko ndani yanasugua kuta, kama unavyosukutua mdomo. Mwishoni usimalize tone la mwisho kwenye sirinji maana mpira wa sirinji ukigonga chini unarudi kidogo na kuvuta damu kwenye ncha. Kufunga klampu kabla au baada ya kuchomoa sirinji inategemea aina ya kikofia, vingine vinataka ufunge ukiwa bado unasukuma, vingine uchomoe kwanza, kwa hiyo waulize vyenu ni vya aina gani waandike kwenye boksi. Na kuna mirija haina klampu kabisa, ina vali, kilango kinachojifunga chenyewe ndani, kwa hiyo klampu usihangaike kuitafuta. Dripu ikiisha iondoe na uflashi hapo hapo, isining'inie mpaka umalize kazi zako, muda ule ndo damu inapanda.

Mkono ukivimba, au bega na shingo vikauma, au kuna uvujaji pale kwenye ngozi, hiyo ni ya leo leo. Kifua kubana au pumzi kukatika ni dharura, funga klampu, mlaze ubavu wa kushoto, ita gari la wagonjwa.

SWALI: Habari nesi, mimi wangu maji yanaingia vizuri sana ila nikivuta damu hairudi. Nina poti ya kifuani, kile kidude kinachowekwa chini ya ngozi na mrija wake uko kwenye mshipa, nabeba pampu ya dawa ya saratani nyumbani. Nesi mmoja aliniambia ilimradi inaingia hamna shida. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli kaka yangu, na kwa dawa yako ndo kabisa. Kuingia bila kutoka mara nyingi ni ule utando unakaa mlangoni, ukisukuma unafunguka, ukivuta unajibana. Inawezekana pia sindano ya poti haijafika chini au imekaa pembeni, na hapo ndo pabaya, sababu maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye nyama kimya kimya huku wewe unaona mambo safi. Baadhi ya dawa za saratani zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama vibaya sana. Damu kurudi ndo ushahidi wa kwanza kwamba ncha iko panapotakiwa. Kwa hiyo kabla pampu haijaunganishwa mwambie aliye zamu, "damu hairudi," umwangalie usoni. Watakubadilisha mkao, watachoma sindano upya, wanaweza kuweka dawa ya kuyeyusha, au kupiga picha kwa dawa ya kung'arisha waone inaelekea wapi. Ukiwa nyumbani na pampu inaenda, ukahisi kuwaka au kuuma pale kwenye poti, simamisha pampu kwanza, sindano iache ilivyo, piga simu.

SWALI: Mume wangu tukimflashi mrija, baada ya muda kidogo anaanza kutetemeka baridi kali na homa inapanda, halafu inaisha. Mrija wenyewe unapitisha vizuri. Ni maji ya baridi?

JIBU: Dada, acha kusoma hapa nenda hospitali sasa hivi, na huo mrija msiuguse tena. Kutetemeka baada ya kuflashi, homa ikafuata, hiyo ni dalili kubwa ya wadudu kukaa ndani ya mrija, kila mkiflashi mnawasukuma kwenye damu. Ikiisha leo kesho inakuja kubwa zaidi. Waambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, kwamba inaanza baada ya kuflashi, hilo neno linawafanya wachukue damu ya kuotesha maabara, waone kama ina wadudu, kutoka kwenye mrija na kwenye mkono kwa pamoja.

SWALI: Nikiflashi PICC yangu nasikia mlio wa maji sikioni, kama mtu anapita mtoni. Watu wangu wananicheka.

JIBU: Wasikucheke, sisi tunaulizia kabisa kitu hicho. Ncha ya mrija inatakiwa ikae kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, lakini wakati mwingine, hasa baada ya kukohoa sana au kutapika, inapanda juu kwenye mshipa wa shingo, na ukiflashi unasikia. Usitie dawa yoyote mpaka wamepiga eksirei ya kifua. Haina maana uko hatarini dakika hii, ila dawa kali ikimwagwa kwenye mshipa wa shingo inaleta kuganda kwa damu.

SWALI: Mrija wa baba una mikia miwili ya kuunganishia dawa, mwekundu umeziba, mweupe unafanya kazi. Si tutumie mweupe tu?

JIBU: Wengi wanafanya hivyo na naelewa kwa nini, dawa inaingia, maisha yanaendelea. Ila ule uliokufa una damu iliyoganda ndani na damu iliyoganda ni chakula cha wadudu, na hao wadudu hawajali rangi ya mkia. Halafu kilichoziba mwekundu kinaweza kuwa kiko kwenye ncha, na mweupe unamalizikia hapo hapo karibu. Toeni taarifa mzibuliwe. Na huku mkisubiri msiache kuuflashi mweupe kwa ratiba yake, kila mkia unaflashiwa kivyake, hata ule ambao hamuutumii kwa dawa, ila huo mwekundu ulioziba msiulazimishe.