Koo zinapogombana, akina mama tuanzie wapi?

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kinataka kutuliza uhasama wa koo mbili hapa kwetu. Tuanze na maandamano? – Msomaji, Tana River

JIBU: Hongereni sana, dada. Maandamano yasubiri, anzieni sokoni. Mwaka 1993, mapigano ya koo yakiwa yamepamba moto Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, wanawake, akiwemo mpatanishi marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walikubaliana kwamba mama wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Wakaunda kamati ya kuliangalia soko kila siku. Mmoja akifukuzwa au kutukanwa, jambo linasuluhishwa palepale, kabla halijafika kwa vijana wenye silaha. Ndipo wakawaendea wazee. Vikao viliongozwa na wazee wa koo ndogo zisizokuwa vitani, maana mzee wa upande mmoja asingekubalika upande wa pili. Mwaka huohuo likapatikana Azimio la Al Fatah, makubaliano ya amani kati ya koo hizo.

Kamati ikijaa watu wa ukoo mmoja, hakuna atakayewaamini, hata mkiwa na nia njema kiasi gani. Gawaneni nafasi sawa tangu kikao cha kwanza. Tetesi za mauaji zikija, tumeni wawili, mmoja kutoka kila ukoo, wakahakikishe kabla hamjazitamka popote.