Kabla hujauza gitaa la zamani kutafuta sauti nyingine

Nimeuza gitaa langu la achitopu, Höfner la Ujerumani la miaka ya 1960, na sijuti. Kuna wapiga gitaa hapa Mbeya wanaoniuliza kama na wao wauze ya kwao. Inategemea unatafuta sauti gani.

Achitopu ni tupu ndani, kifua kimebenuka na kina matundu mawili ya umbo la f kama ya fidla. Ukigusa uzi, kifua kinatetemeka na kuimaliza nguvu yake haraka. Ndiyo maana noti inatoka nzito na tamu, halafu inakatika. Kwa mapambio ya taratibu sijasikia gitaa zuri zaidi. Lakini mimi napiga solo kwenye bendi ya dansi. Wimbo ukichanganya, noti inatakiwa ing'ae na idumu juu ya rizimu na besi. Ukiongeza amplifaya, kifua kinapokea mtetemo wa spika na ukumbi mzima unasikia mluzi. Sponji kwenye matundu inapunguza mluzi, ila noti hairefuki.

Anza na vitu vya bei ndogo. Kama umefunga nyuzi bapa, zile zenye uso laini, jaribu za kawaida zenye mikwaruzo. Ung'avu unaongezeka siku hiyohiyo. Ishushe au ipandishe pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, kidogo kidogo kwa bisibisi huku unasikiliza. Halafu angalia daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya kifua. Kwa kawaida kwenye achitopu halijagundishwa, linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Lisipolala sawasawa kifuani, sauti inafifia. Likisogea, tyuni inapotea kadiri unavyopanda shingo. Ukiridhika hapo, usiuze.

Mimi nilifanya yote hayo na noti bado ilikatika. Hilo ni umbo la gitaa, bisibisi haliwezi. Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipotoa gitaa la ES-335 mwaka 1958 waliacha matundu ya f, lakini wakapitisha kipande kizima cha mbao katikati ya mwili ili kuzuia mluzi na kurefusha noti. Nimechukua gitaa la mtindo huo, si Gibson, na sasa noti ya juu naishika mpaka nitakapo. Ule utamu mzito umepungua. Likubali hilo kabla hujapokea hela ya mtu.

Ukiamua kuuza, usipake vanishi mpya wala kubadilisha vipuri. Mnunuzi wa gitaa la zamani analipia uhalisi wake. Likague kifua kwenye mwanga wa dirisha, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, maana ukavu wa huku unapasua mbao. Langu lilikuwa na ufa mwembamba chini ya tundu la upande wa besi. Nikaupiga picha nikamtumia mnunuzi, mzee mmoja wa Iringa anayepiga kanisani. Akanipigia: "Ufa nimeuona, kijana wangu. Sasa weka simu karibu nilisikie." Nikapiga pambio moja polepole. Bei hakuipunguza.

Kulituma kwa basi kunataka uangalifu. Legeza nyuzi kidogo tu. Ukizitoa zote, daraja linaanguka na mwenzako hajui lilikaa wapi. Lipige picha lilipo, pima kwa rula, na utandike kitambaa laini chini ya chuma kinachoshika mikia ya nyuzi kisigonge kifua. Usikubali liwekwe kwenye buti pamoja na magunia ya viazi. Lilipie kiti.