Turbo kwenye Ist: kufunga si kazi, kazi ni yanayofuata
Kaka, umeuliza kama fundi mmoja anaweza kufunga turbo, yaani feni ya kusukumia injini hewa zaidi, kwenye Toyota Ist yako yenye injini ya 1NZ kwa wikiendi moja. Kuifunga, anaweza. Ila injini hiyo ilitoka kiwandani na mgandamizo (kiasi inachobana hewa na petroli ndani ya silinda) wa 10.5 kwa 1, wakati injini nyingi za turbo za zamani zilikuwa 8 au 9. Ukisukuma hewa zaidi bila kubadili injekta (zinazopuliza petroli) na kupanga upya kompyuta ya gari, petroli hujilipua yenyewe badala ya kuungua vizuri kutoka kwenye cheche, na pistoni ndiyo inayolipa.

Halafu kuna bomba la oili la kwenda kwenye turbo, na la kurudi. Hilo la kurudi linawatesa wengi, maana mara nyingi sampu (bakuli la oili chini ya injini) hutobolewa, na lazima oili ishuke yenyewe bila kizuizi. Mimi langu lilipinda kidogo tu. Turbo ikatoa moshi wa bluu mwezi mzima, fundi akilaumu pete za pistoni!

Intakula (kipoza hewa ya turbo), ekzosi, klachi, hayo ni pesa na nafasi tu. Anza na breki na shokamzoba. Turbo itafute ukishampata mtu wa kuipanga kompyuta.