Maharage kumi na saba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Umekaa miaka mingi hujafanya usaili wa kazi. Ulipoitwa, ulijiandaaje?" Jibu langu fupi ni kwamba sikujiandaa. Niliandaliwa kwa nguvu, tena nikiwa nimenuna. Na mengi yanayoitwa maandalizi nayaona ni kufundishana kujisifu mbele ya watu usiowajua, jambo ambalo sisi tuliolelewa huku kwetu tulichapwa kwalo.

Nina miaka 42, naishi Ihumwa, Dodoma. Kazi ya mwisho iliyokuwa na barua niliifanya hadi 2012, nikiwa mtunza stoo wa mkandarasi mmoja hapa mjini. Mradi ulipoisha na sisi tukaisha. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine njiani, nikasema nitapumzika mwaka mmoja. Mwaka huo ukazaa wenzake kumi na mmoja.

Katikati hapo Serikali ikahamia Dodoma kweli, jambo tulilokuwa tumeahidiwa tangu 1973 mpaka wapo wazee waliokufa wakiliona ni utani. Mtumba, ambako tulizoea kuona mapori na mashamba, wizara zikaanza kuota, na penye mafundi pana njaa. Mwaka 2019 nikaweka mafiga chini ya mti, si mbali na barabara. Wali maharage, ugali na mlenda, Ijumaa nyama. Nilianza na sahani 15. Yalipokuja yale majengo ya ghorofa nilikuwa natoa sahani 60 kwa siku, nyingi zikiwa za mkopo hadi Jumamosi ya malipo.

Sasa yale ambayo nadhani mlitaka niyaseme nayasema haraka. Vyeti vitafutwe mapema, na kama jina la cheti cha kuzaliwa haliendani na la kidato cha nne, usisubiri kuitwa ndipo uanze kuhangaika. Wanaoomba serikalini kupitia Ajira Portal wasome tangazo lote, hasa pale panapotajwa umri usiozidi miaka 45. Mimi hiyo 45 naiona kwa jirani. Sketi nilinunua ya mtumba soko la Sabasaba nikaipunguza. Na kwa sisi wa ununuzi na ugavi, someni upya. Nilipoacha kazi, ile sheria ya ununuzi wa umma ya 2011 ilikuwa bado haijaanza kutumika. Niliporudi imeshafutwa, imekuja ya 2023, na zabuni za Serikali zinapita mtandaoni, kwenye mfumo wa NeST. Sheria nzima ilifanya kazi ikafa mimi nikiwa jikoni.

Hayo yanasomeka. Lililonishinda halimo kwenye sheria yoyote, ni neno lenye herufi mbili.

Nina mtoto wa dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mambo ya rasilimali watu. Kila mwisho wa wiki huja kwangu kufua na kula. Aliposikia nimeitwa na shirika moja linalotafuta mtunza stoo, Jumapili ile ile akatoa meza ya kupigia pasi, akaiweka uani chini ya mwarobaini, akapanga viti vitatu upande mmoja na kimoja upande wa pili. Ilikuwa Agosti, mnaijua Agosti ya Dodoma: upepo unapeperusha vumbi hadi kwenye meno. Kiti cha katikati akakaa mwenyewe. Cha kulia akamkalisha mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, nesi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na bado anapiga miayo. Cha kushoto akamwomba mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Bahi kutibiwa macho.

"Mimi usaili siujui," akasema Bibi. "Nina maharage ya kesho hapa."

"Njoo nayo, Bibi. Kazi yako ni moja. Kila mama mdogo atakaposema 'tu', toa harage moja uliweke mezani."

Nikacheka. Nikakaa, nikajifunika kanga vizuri.

"Karibu. Jitambulishe."

"Mimi ni mama wa nyumbani tu."

Bibi akaweka harage.

"Tangu 2012 umekuwa ukifanya shughuli gani?"

"Nipo tu. Napika pika tu pale Mtumba."

Mawili mengine. Nesi akaacha kupiga miayo. "Unapikia watu wangapi, dada?"

"Kama sitini tu."

Bibi alicheka hadi ungo ukataka kumwagika. "Sitini tu! Harusi yangu mimi haikufika sitini, na ng'ombe alichinjwa!"

Hapo nikaanza kukasirika. Huyu kijana nimemwogesha kwenye beseni, leo ananihoji akiwa amekunja mikono kama hakimu. Lakini hakuacha. Akauliza mahitaji nanunua wapi. Nikamwambia mahindi nachukua Kibaigwa baada ya mavuno bei ikiwa chini, mchele soko la Majengo. Akauliza gunia jipya likifika la zamani halijaisha nafanyaje. Nikamwambia la zamani linakaa mbele, jipya nyuma, kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza, ndivyo tulivyofundishwa chuo. Akauliza najuaje kilichobaki. "Naangalia daftari tu." Akauliza wanaokula kwa mkopo nawakumbukaje.

Nikaenda ndani nikaleta kaunta buku. Sijui kwa nini nilileta. Nadhani nilitaka kumnyamazisha. Ina majina upande wa kushoto, siku za wiki juu, alama kwa kila sahani, na mwisho wa wiki nyapara wa kila genge anasaini kabla vijana wake hawajalipwa. Walionikimbia nimewapigia mstari mwekundu, na jumla ya hela iliyopotea iko chini ya kila mwezi. Nesi akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Bibi akaomba aoneshwe, akaishika karibu kabisa na macho yake mabovu, akairudisha bila kusema kitu.

"Mama mdogo," kijana akasema polepole, "hii ni leja."

"Usinifundishe kazi. Hili ni daftari tu."

Harage.

Niliposimama kwenda kuangalia moto, ambao ulikuwa hauhitaji kuangaliwa, nilijua kwa nini macho yananiwasha na nikasingizia vumbi.

Tuliporudi mezani akahamia kazi ya zamani, na hapo ndipo tulipogombana kweli. Nikamweleza: tulipokea saruji, tulihesabu nondo, siku moja tulikataa mabati yaliyokuja na unene pungufu. Akamwambia Bibi, "Na hizo 'tu' za mwanzo wa neno hesabu. Anasema 'tulipokea', 'tulihesabu'. Wao wanataka kusikia 'nilipokea'. Anajificha nyuma ya wenzake."

Nikakataa. Nikamwambia mzigo mkubwa haupokelewi na mtu mmoja. Kuna mtunza stoo, kuna aliyeagiza, kuna anayejua ubora wa kitu chenyewe. Wanakagua pamoja, wanasaini hati moja, ndipo mzigo unaandikwa umeingia. Mtu akija kwangu akasema "nilipokea tani kumi za saruji" peke yake, mimi funguo simpi. Ile "tu" ya mbele ya kitendo haikutokana na aibu, ni saini tatu kwenye karatasi moja.

Kijana akasema mwalimu wao amesema. Nikamwambia mwalimu wenu akaibiwe stoo kwanza.

Bibi akaamua kesi. Akasema mtu akisimama mbele ya wenzake aliolima nao akasema "nimelima", huyo ni mwizi wa jasho. Lakini mtu aliyelima peke yake akasema "nilikuwa nakwaruza kwaruza tu", huyo naye ni mwongo. Akakataa kuhesabu za mwanzo. Za mwisho akazihesabu kwa kidole, moja moja, kwa sauti. Zilikuwa kumi na saba.

Kijana akasema kila mjumbe ana haki ya swali la mwisho. Nesi akaniuliza mshahara nitakaotaja, nikababaika. Bibi akaniuliza, "Wakikupa hiyo kazi, hao sitini watakula wapi?"

"Hilo hawataliuliza, Bibi," kijana akajibu kwa niaba yangu.

"Mimi nimeliuliza."

Tukaanua viti. Maharage yale kumi na saba Bibi aliyarudisha kwenye ungo, maana chakula hakitupwi.

Nimeandika kirefu kuhusu siku hiyo kuliko usaili wenyewe, naliona hilo, ila usaili ulikuwa nusu saa na watu watatu wapole. Waliuliza kama kijana alivyotabiri: "Tueleze kipindi cha 2012 hadi sasa." Nikaanza kusema naendesha jiko Mtumba, na lile neno likafika kwenye meno kabisa. Nikauona ungo. Nikalimeza, nikaendelea: sahani 60 kwa siku, manunuzi nafanya mwenyewe, leja naitunza mwenyewe. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, na nikangoja mmoja wao acheke. Hakuna aliyecheka. Waliandika.

Kwenye kazi ya zamani nikasema "tulipokea", kwa makusudi. Mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Nyinyi akina nani?" Nikamweleza zile saini tatu. Na waliponiuliza kama nina swali, jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi, nikauliza stoo yao ina milango mingapi. Wakatazamana. Miwili. Nikauliza funguo za mlango wa pili anakaa nazo nani, na jibu halikutoka upesi.

Nilipata kazi. Lakini nisiwadanganye: baadaye ofisini nilisikia kuwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa mtu mwingine, akakataa kwa sababu ya mshahara. Kwa hiyo sijui kilichonipa kazi ni maharage, ni milango miwili, au ni udogo wa mshahara.

Kwa hiyo nusu ya niliyoyaandika pale juu nayafuta. Nilisema maandalizi ni kujifunza kujisifu. Kwangu hayakuwa hivyo. Yalikuwa kuzuiwa kujipunja, na peke yangu nisingeweza, maana masikio yangu yalikuwa hayalisikii tena hilo neno. Mwenye mtoto wa dada anayesoma, amtumie. Asiyekuwa naye, mpangaji. Ila awepo na mtu mzima mezani, maana wale vijana wawili peke yao wangenifundisha kusema "nilipokea" na mzee wa miwani angenipiga mstari. Na kama wewe ni wale ambao hata kupika chai wanasema wameongoza mradi, ushauri huu haukuhusu, tafuta wa kukuhesabia maharage kwa upande mwingine. Wala sisemi kila aliyekaa nyumbani alikuwa na leja. Wengine walikuwa wanauguza, wengine wanaugua, na hawana kaunta buku ya kumwonesha mtu. Hao sijui niwaambie nini, na ningependa mmoja wao awaandikie wiki ijayo.

Kijana anatangaza kwa ndugu wote kwamba kazi amenitafutia yeye. Namwacha. Jiko pale Mtumba analishika shemeji yangu kwa sasa, lakini analalamika daftari linamchosha, na wateja wamepungua.

Jumamosi iliyopita Bibi alikuja tena kwa macho yake. Akanikuta uani nasugua lile sufuria kubwa la wali kwa mchanga. Akasimama akanitazama, akauliza kama nataka kuliuza.

Nikamwambia naliosha.

"Tu?" akauliza.