Nataka kukimbia kilomita 21 kwa ajili ya kituo kilichomrudishia kaka yangu maisha

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi pikipiki hapa Majengo, Moshi, nina miaka 26. Kaka yangu alikuwa dereva wa bodaboda. Miaka miwili iliyopita aligongwa usiku, akaumia uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi. Alipotoka hospitali alikaa miezi mitano kwenye kituo cha utengamao nje kidogo ya mji. Walimfundisha kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo, kuoga, kujipikia. Leo anatengeneza simu na analipa kodi ya chumba chake mwenyewe.

Nimeamua kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mwezi wa pili ili nikichangie kituo hicho shilingi 3,000,000. Zimebaki wiki 16. Niliweka tangazo kwenye kundi la ukoo na la kijiwe, pamoja na namba yangu ya kupokelea. Watu wamesoma, wamenyamaza. Mjomba mmoja tu ndiye aliyejibu, akasema michango imezidi. Halafu juzi nilijaribu kilomita 6, goti la kulia likaniuma siku tatu, wakati mpira nacheza kila Jumamosi bila shida. Rafiki zangu wanasema nikimbie 42 kabisa, ndipo watu watashtuka wachange. Nifanyeje?
Fundi, Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, miaka 27, kwa hiyo ulipoandika "kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti" nilitulia kidogo. Wasomaji wengi watalipita neno hilo haraka. Mimi najua ni asubuhi ngapi za kutetemeka mikono, na kuanguka, na kuanza upya. Mpe kaka yako salamu zangu.

Nianze na swali ambalo hukuniuliza: kituo umekwenda kuwauliza wanakosa nini?

Nauliza kwa sababu mimi sikuuliza. Zamani kidogo, tulijichanga wafanyakazi wenzangu na majirani, tukanunua viti mwendo kumi na kuvipeleka kwenye kituo fulani. Tulipiga picha, tukaimba, tukarudi nyumbani tumefurahi. Miezi sita baadaye nilipita pale nikavikuta saba vimepangwa stoo. Vilikuwa viti vya aina ya hospitali, vyenye magurudumu madogo mbele, na ua wa kituo kile ni udongo na kokoto. Mvua ikinyesha, magurudumu yanazama. Vyote vilikuwa vya kipimo kimoja, ilhali wagonjwa walikuwa watoto na watu wazima. Muuguzi wa zamu aliniambia kwa upole kwamba mwezi ule walikuwa wameishiwa mipira ya mkojo na glavu. Fedha zetu zingetosha kununua hivyo kwa muda mrefu. Jambo lile linaniuma hadi leo, kwa sababu waliochanga walikuwa watu wa kipato cha chini na waliniamini.

Kwa hiyo nenda kakae pale asubuhi nzima. Muulize msimamizi, kisha muulize anayefua mashuka, maana yeye anajua mambo ambayo msimamizi hayaoni. Usishangae ukiambiwa mito ya kukalia. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii makalio yakichoka. Mimi na wewe tukikaa sana tunajisogeza bila hata kufikiri, lakini yeye asipokumbuka kujiinua kwa mikono mara kwa mara, nyama inakosa damu na kidonda kinaanzia ndani. Kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kidonda kimoja cha mgandamizo kinaweza kumrudisha mtu hospitali kwa miezi, na wako waliokufa kwa kidonda cha namna hiyo baada ya kupona ajali yenyewe. Mto mzuri wa kukalia unazuia mengi ya hayo. Kaka yako anaweza kulieleza hili kuliko mimi.

Na hapo nina neno lingine. Je, kaka yako ameridhia? Katika barua yako yeye anasimuliwa tu, hasemi kitu. Kabla hujaweka picha yake popote, kaa naye. Akikataa picha, iwe imekwisha. Wagonjwa walioko kituoni sasa hivi usiwapige picha kabisa, hasa wakiwa kitandani. Akikubali kushiriki, mpe kazi ya kweli. Fundi simu anaweza kuwa mweka hazina mzuri kuliko wewe utakayekuwa barabarani saa kumi na moja alfajiri.

Sasa ukimya wa lile kundi. Mjomba wako usimkasirikie. Watu wetu wanachangia harusi, msiba, ada, matibabu, yote ndani ya mwezi mmoja. Wakiona namba ya mtu binafsi na kiasi kikubwa kisichoelezwa, wanapita. Futa tangazo lile. Omba barua ya kituo yenye muhuri inayosema unachangisha kwa idhini yao na fedha zitanunua nini. Fedha ziingie kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kituo, zisipite kabisa kwenye simu yako. Sisemi kwamba utaiba. Ila siku mtoto akiugua usiku na salio liko pale, utajikopesha, na kuanzia hapo hesabu hazitakaa sawa. Ada ya kujisajili na viatu lipa mwenyewe, na uwaambie watu hivyo. Jisajili mapema pia, nafasi huwahi kujaa.

Kisha zigawe kilomita. Shilingi 3,000,000 ukiigawa kwa 21 ni kama 143,000. Weka 150,000 kwa kila kilomita. Usimwombe mtu mmoja mmoja, tafuta vikundi 21 vya watu kumi na tano wa shilingi elfu kumi kumi, au thelathini wa elfu tano tano. Kijiwe cha bodaboda wachukue kilomita moja. Jumuiya yenu moja. Timu yako ya Jumamosi moja. Wauza spea wanaokufahamu, mama lishe wa pale gereji na wateja wake, darasa ulilomaliza nalo. Kila kilomita iwe na mwenyewe na kitu chake: hii ya mito, hii ya mipira ya mkojo, hii ya tairi za viti. Kila Jumapili jioni mweka hazina aandike kundini ahadi ni ngapi, taslimu ni ngapi, kilomita zipi hazijapata mwenyewe. Vikundi vitaanza kuulizana vyenyewe. Nimeyaona haya kwenye kamati za harusi, na hakuna sababu kituo kisipate bidii ileile.

Kuhusu 42, hapana. Nakukataza kama mama. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani, alianza kukimbia kuikatisha nchi yake kuchangia utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, akiwa na mguu wa bandia, mpaka saratani ikamrudia kwenye mapafu. Wengi wanakumbuka hizo kilomita tu. Mimi nakumbuka kwamba kabla ya kuanza alifanya mazoezi zaidi ya mwaka mzima, na kwamba alichoomba ni dola moja kwa kila Mkanada. Zilifika zaidi ya milioni 24 kabla hajafariki mwaka 1981, akiwa na miaka 22. Kilichomfikisha huko ni ombi dogo ambalo kila mtu aliliweza, na maandalizi marefu. Wewe una wiki 16 na goti linalolalamika.

Hilo goti, kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani limestuka. Mpirani unakimbia kasi, unasimama, unatembea. Kilomita 6 mfululizo ni kazi nyingine, na nina hakika ulizikimbia kwa kasi ya kufukuzia mpira. Lisipovimba wala kukufanya uchechemee, endelea polepole. Likivimba, likijifunga au likilegea ghafla, simama na uonane na mtaalamu. Wiki tatu za kwanza kimbia dakika tatu, tembea moja, siku nne kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukata maneno. Siku mbili kati ya zilizobaki uchuchumae nusu na kupanda ngazi, mapaja yapate nguvu ya kulibeba goti. Mpira upunguze. Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu: anza na 6, ongeza moja kila wiki, kila wiki ya nne upunguze ili mwili upumzike. Ukifika 16 au 17 wiki mbili tatu kabla ya siku yenyewe, inatosha. Baada ya hapo unashuka tu.

Njia yenyewe unaijua kwa pikipiki, sasa ijue kwa miguu. Kutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika mtapanda kuelekea Mweka, na mlima ule si mkali, ila hauishi. Wengi wanaumaliza vizuri kisha wanaharibu mapaja wakati wa kuteremka, kwa sababu wanajiachia. Nenda kafanye mazoezi ya kuteremka pia, hatua fupi fupi. Alfajiri kimbia ukiyaangalia magari yanayokuja, uvae kitu kinachong'aa. Nyumba yenu imeshapata ajali moja ya usiku. Viatu tafuta vya kukimbilia hasa, hata vya mtumba pale soko la Memorial, lakini pinda soli kwa mkono na uikague upande wa kisigino: ikiwa imelika upande mmoja, acha.

Ukishapata ile barua yenye muhuri, niandikie tena hapa gazetini uniambie mnanunua nini na jina la akaunti ya kituo. Kilomita ya tisa msimpe mtu. Hapo mtakuwa bado mnapanda. Ni yangu, pamoja na wanawake kumi na wanne wa kikundi chetu cha mazoezi, na nitakuwa nimesimama pembeni ya barabara na maji.