Msumeno unaokata upande: kagua baa kabla ya kunoa tena

Swali: Habari za kazi, fundi. Ninapogoa miti na kukata magogo madogo kwa msumeno wa mnyororo wenye baa ya sentimita 35. Kwa wiki kadhaa sasa mkato unapinda kwenda kulia. Nikiwa juu ya mti, mkato wa chini na wa juu havikutani, tawi linabaki likining'inia kwa gome. Nimenoa mara nne, mwisho nikanunua mnyororo mpya. Huo nao unapinda, japo si sana. Kinachotoka ni unga laini, na baa inachemka hadi inatoa moshi. Oili ninayoweka ni ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, nimeichuja kwa kitambaa. Ninoe vipi ili inyooke, au mashine imekwisha?

Jibu: Salama, ndugu. Mashine haijaisha. Umeshatoa ushahidi mwenyewe: mnyororo mpya haujaguswa na tupa, meno yake yote yako sawa kutoka kiwandani, na bado unapinda. Basi kosa kubwa haliko kwenye meno, liko kwenye kitu kinachoushikilia mnyororo, yaani baa, au kwenye namna mnyororo huo ulivyokaa ndani yake. Kunoa mara ya tano kutakupunguzia meno tu.

Zima injini, chomoa waya wa plagi, vaa glavu, kisha anza na jaribio lisilogharimu chochote. Fungua baa, igeuze ili ukingo uliokuwa juu uwe chini, ifunge tena, ukate kipande kimoja cha gogo. Mkato ukianza kupinda kushoto, au ukinyooka, umemshika mwizi: ni baa. Ukiendelea kupinda kulia vilevile, basi rudi kwenye meno. Watu wengi hawajui kwamba baa imetengenezwa igeuzwe. Upande wa chini hubeba karibu kazi yote, na usipogeuzwa kila unaponoa unakwisha peke yake.

Kabla hujailaumu baa lakini, hakikisha mnyororo uliouziwa ni wa baa hiyo. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mnyororo wa 3/8 mwembamba (namba hii ni inchi, kipimo cha nafasi kati ya ribiti), ule wa mashine ndogo, unatengenezwa kwa unene wa aina mbili: milimita 1.1 na milimita 1.3. Unene huo ni wa vile viguu vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa baa. Nafasi kati ya ribiti ni ile ile, sproketi, yaani gurudumu la meno linaloendesha mnyororo, inaukubali, na idadi ya viguu ikiwa sawa mnyororo unakaa vizuri kabisa machoni. Lakini ukiweka viguu vya 1.1 kwenye mfereji wa 1.3, mnyororo unalala ubavu kila unapogusa mti. Milimita 0.2 ukiitaja haitishi, ila jino liko juu ya kiguu, na kiguu kikiinama kidogo jino linaangalia pembeni. Soma namba iliyogongwa kwenye baa karibu na sehemu inayofungwa nati, kisha soma kiguu chenyewe: kwa minyororo ya Oregon, 90 ni ya milimita 1.1 na 91 ni ya 1.3, kwa STIHL, tarakimu 1 kwenye kiguu ni 1.1, na 3 ni 1.3. Namba zikiwa zimefutika, pima kiguu kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene.

Ikiwa vinalingana, chunguza mfereji. Chukua rula ya chuma iliyonyooka, iegemeze ubavuni mwa baa huku inagusa ubavu wa jino mojawapo. Meno huwa mapana kuliko baa, kwa hiyo rula lazima iache uwazi mdogo kati yake na bamba la baa. Rula ikilala bapa juu ya baa bila uwazi, mnyororo umeinama kwa sababu mfereji umepanuka. Pima ubavu wa pili pia, na pima katikati ya baa, maana ndipo panapoliwa zaidi.

Jaribio linalofuata linahitaji kioo cha dirisha au meza iliyo sawasawa. Safisha baa, isimamishe kwa ukingo wake juu ya kioo, uiachie. Baa yenye kingo mbili zilizolingana inasimama yenyewe. Ikianguka kila mara upande mmoja, ukingo wa upande huo umeshuka. Hii ndiyo picha ya tatizo lako: mnyororo hutembea juu ya kingo mbili kama gari moshi juu ya reli, reli ya kulia ikishuka, behewa linainamia kulia na meno yanachimba kulia. Unaposhindilia ili mkato unyooke, baa inabanwa ndani ya mti, inasuguana na mbao, na hapo ndipo sehemu ya ule moshi inapotoka.

Kingo zilizoshuka zinatengenezeka, na kazi yenyewe haizidi nusu saa. Bana baa kwenye jiliwa, ukingo ukiangalia juu. Kwangua uchafu kutoka kwenye mfereji kwa kipande chembamba cha chuma, ukiusukuma kuelekea nje, usiupeleke kwenye gurudumu la ncha. Paka kingo zote mbili wino wa kalamu nene kwa urefu wote. Sasa chukua tupa bapa, ilaze juu ya kingo zote mbili kwa mkupuo mmoja, pembe mraba kabisa na ubavu wa baa, na sukuma kwa mipigo mirefu. Mkono ukiyumba utaona mara moja: wino utafutika upande mmoja na kubaki upande wa pili. Kama mkono haukai, funga tupa kwenye kipande cha mbao kilichochongwa mraba, mbao iteleze ubavuni mwa baa. Acha pale wino unapofutika kingo zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiguse ncha yenye gurudumu.

Ukimaliza, pitisha ukucha pembeni mwa baa. Utahisi vijembe vidogo vya chuma vilivyojikunja kwa nje. Hivyo vinakwaruza mbao na vikikatika vinaingia kwenye mnyororo. Viondoe kwa tupa ileile ukiiinamisha kama nyuzi 45, mara mbili tatu tu. Kisha pima kina cha mfereji kilichobaki. Kwa 3/8 mwembamba usishuke chini ya milimita 5, kwa .325 na 3/8 ya kawaida milimita 6. Kwa 1/4 milimita 4. Chini ya hapo viguu vitagonga sakafu ya mfereji na mnyororo utakuwa unaelea badala ya kutembea juu ya kingo. Baa iliyogeuka rangi ya buluu kwenye ukingo usiihangaikie: chuma kimeungua, kimelainika, utakinyoosha leo na wiki ijayo kimeshuka tena. Na mfereji uliopanuka una kifaa chake cha kuubana, lakini kwa baa ya sentimita 35 ni afadhali kununua mpya. Wapo wanaoubana kwa nyundo. Nyundo hubana pale ilipopiga tu, na mnyororo unaanza kukwama pale pale.

Sasa meno, kwa sababu ule mnyororo wa zamani ulionoa mara nne hakika una kasoro zake. Mtu anayetumia mkono wa kulia hunoa upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine bila kujijua, na baada ya kunoa mara kadhaa meno ya upande huo yanakuwa mafupi. Msumeno huvutwa kuelekea upande wenye meno marefu na makali zaidi. Usihesabu tu idadi ya mipigo ya tupa, pima. Kwa kalipa, tafuta jino fupi kuliko yote kwenye mnyororo mzima, kisha yashushe mengine yote yalingane nalo. Inauma kupoteza chuma, najua, ila jino moja refu linafanya kazi ya wenzake na ndilo litakalokatika.

Tupa ya 3/8 mwembamba ni ya mviringo, milimita 4.0. Ya .325 ni milimita 4.8. Ukubwa usiolingana unaharibu umbo la jino: tupa nene mno haishuki hadi kwenye koo la jino, nyembamba mno inachimba chini na kuacha ncha dhaifu kama mdomo wa ndege. Ilaze tupa kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mstari unaokata mnyororo kwa upana. Meno mengi yana mstari mdogo juu yake unaoonyesha pembe hiyo. Sehemu ya tano ya tupa ionekane juu ya jino. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, inyanyue unaporudi. Kuivuta huku na huku kama unapiga zeze kunaiua tupa, na jino halipati kitu. Kama jino liligonga msumari au udongo, angalia kwa karibu ile ngozi nyembamba ya kromu iliyo juu: ikiwa imemegeka kwenye kona, endelea kunoa hadi uifikie kromu nzima. Jino linaweza kung'aa vizuri lakini bila kromu kwenye ukingo likawa butu baada ya matawi mawili.

Mbele ya kila jino kuna kinundu, na huyu ndiye anayesahauliwa katika familia. Kinundu ndicho kinachoamua jino lichukue mbao nene kiasi gani. Jino linaposhuka kwa kunolewa, kinundu kinabaki juu, kinazuia jino kuuma, na unapata ule unga badala ya maranda. Kwa mnyororo wako kinundu kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Tumia kibati chake cha kupimia, kikague kila baada ya kunoa mara tatu hivi, shusha kinachojitokeza kwa tupa bapa, kisha viringisha kona ya mbele iwe mteremko kama ilivyokuwa. Usivishushe kwa kukisia. Kinundu kilichoshuka mno kinafanya jino limeze zaidi ya linavyoweza: mnyororo unashtuka na kunyakua, klachi inaungua, na ncha ya baa ikigusa tawi la pembeni mashine inarukia usoni kwako. Mtu aliye juu ya mti akiwa kwenye mkanda hana pa kukwepea. Vinundu vya upande mmoja vikiwa chini kuliko vya upande wa pili, mkato unapinda pia, kuelekea upande wa vile vilivyoshuka.

Sasa hiyo oili. Iache leo leo. Kitambaa kinachuja takataka, hakichuji chembechembe za chuma zilizosagika ndani ya injini, na chembechembe hizo ndizo zinazokula kingo za baa yako kama msasa. Pili, oili ya injini haigandi kwenye mnyororo unaotembea kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Ikifika kwenye ncha inarushwa hewani, na upande wa chini, unaokata, unabaki mkavu. Tatu, inakurukia mikononi na usoni siku nzima, nayo ni sumu ya ngozi. Oili ya mnyororo ina kitu cha kuifanya inate. Ukikosa kabisa, mafuta safi ya kupikia ni afadhali kwa siku moja, mradi usiyaache ndani ya tangi mashine ikilala wiki nzima, maana yanaganda kama gundi.

Ukishabadilisha, hakikisha inafika. Fungua baa uzibue tundu la oili lililo karibu na nati, kwa waya mwembamba. Unga uliochanganyika na oili chafu huliziba kama lami. Funga, washa, elekeza ncha kwenye gogo jeupe au karatasi umbali wa sentimita 20 bila kuigusa, piga resi kiasi. Mstari mwembamba wa matone ya oili uonekane ndani ya sekunde chache. Kipimo kingine cha kazini: petroli inapoisha, tangi la oili liwe karibu kuisha pia. Likibaki nusu, kuna kuziba, au pampu imechoka.

Unapofunga baa, nyanyua ncha yake juu kwa mkono huku unakaza, na uishikilie hivyo hadi nati zikaze. Mnyororo ukiwa baridi ugusane na baa kwa chini na bado uzunguke kwa kuvutwa na vidole. Ukifunga ncha ikiwa imelegea, itapanda yenyewe kwenye mkato wa kwanza na mnyororo utaning'inia. Mnyororo mpya unarefuka haraka, kwa hiyo ukague baada ya matawi machache ya mwanzo. Jioni ulegeze, ulipanuka kwa joto, ukipoa umekazwa unavuta ekseli ya injini usiku kucha.

La mwisho ni sproketi, maana umeweka mnyororo mpya juu ya ile ya zamani. Angalia makovu yaliyochimbwa na viguu: yakifikia kina cha milimita 0.5, ibadilishe, la sivyo itaurefusha mnyororo mpya uwe kama ule wa zamani. Ule wa zamani usiutupe bado. Ukishasawazisha meno yake ubaki nao kwa kazi za karibu na ardhi, penye mchanga na mizizi, na huo mpya uutumie juu ya mti, pale mkato wa juu na wa chini lazima vikutane.