Kabla ya kumshtaki aliyekuumiza kwa maneno

Mtu akikutolea maneno ya kukuchoma, hasa wakati wa msiba, hawakosi watu wa kukwambia, "Huyo usimwache, mpeleke kortini." Nasema na wewe uliye na uchungu huo sasa hivi, kwa sababu niliupitia baba yetu alipofariki. Korti haianzi na uchungu wako. Inaanza na maneno yenyewe: yalisema nini, yalimhusu nani, yalisemewa wapi na yalimfikia nani. Ukilijua hilo mapema utaokoa pesa, na utajiepusha na kushindwa kesi wakati kidonda cha kufiwa bado kibichi.

Tulikuwa bado kwenye matanga, huko Kilifi, jamaa mmoja wa ukoo aliporekodi sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Alisema mambo mawili. Kwanza, kwamba marehemu aliishi kwa kudhulumu watu mashamba. Pili, kwamba sisi watoto tumeghushi hati ya shamba ili tuliuze haraka. La kwanza ndilo lililotumaliza. Mama aliisikia sauti ile akiwa mkekani na wanawake wenzake, simu ikiwa mkononi mwa mpwa wake ambaye hakuwahi kuizima, na hakutia kitu mdomoni mpaka kesho yake. La pili hatukulijali hata kidogo. Hati ilikuwa bado kwa jina la baba na hakuna aliyeigusa.

Ndugu yangu alitaka twende polisi. Tukaenda kwanza kwa wakili, mzee mmoja wa Mombasa, naye akaomba aisikilize sauti yenyewe badala ya kusimuliwa. Aliirudia huku akiandika. Kisha akaniambia, "Mwanangu, haya ya marehemu sina la kuwasaidia. Haya ya hati, naweza."

"Lakini yaliyotuumiza ni ya baba, mzee."

"Najua. Ila aliyechafuliwa hayupo wa kushtaki, na sheria haiwapi nyinyi nafasi yake."

Ndivyo sheria ya Kenya ilivyo. Madai ya kuchafuliwa jina ni ya mwenye jina, na akifa hayarithiwi. Lakini kuwaambia watu kwamba mtu aliye hai ameghushi hati ni kumtuhumu uhalifu, na hilo ni jambo linaloweza kuthibitishwa kuwa kweli au uongo. Hapo kuna kesi. Matusi matupu, ya mtu kukuita mjinga au mbwa, kwa kawaida hayakufikishi popote. Na kuhusu polisi, alitukumbusha kwamba Februari 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikimfunga mtu kwa kumchafulia mwenzake jina. Siku hizi kuchafuliwa jina ni madai ya fidia.

Sikuridhika. Nikambishia kwamba lazima iwepo sheria ya kuwalinda waliofiwa. Akanisimulia kesi ya Marekani ambayo baadaye niliisoma mwenyewe, na bado inanikera. Machi 2006, mjini Westminster, jimbo la Maryland, familia ya Snyder ilikuwa inamzika kijana wao Matthew, mwanajeshi aliyefia Iraq. Watu saba wa kanisa la Westboro, kutoka Topeka, Kansas, linalohubiri kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuvumilia ushoga, wakasimama umbali wa kama futi 1,000 na mabango ya kumshukuru Mungu kwa vifo vya wanajeshi. Baba mtu, Albert Snyder, akielekea mazishini aliona ncha za mabango tu. Yaliyoandikwa aliyajua jioni kwenye taarifa ya habari. Alishtaki kwa kuumizwa moyo makusudi. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, likampa karibu dola milioni 11, jaji akazipunguza hadi milioni 5, na Machi 2011 Mahakama ya Juu ikamnyima zote, majaji wanane kwa mmoja. Walisema maneno yale yalihusu mambo ya umma, yalisemewa mahali pa umma, na waliosema walifuata maagizo ya polisi. Jaji Samuel Alito peke yake alikataa, akishikilia kwamba baba aliyefiwa alishambuliwa yeye na mwanawe.

Moyo wangu uko kwa Alito. Lakini naelewa wale wanane walichoogopa: maneno yakianza kulipiwa kwa kuwa yanachukiza tu, kesho atakayelipishwa ni yule anayemkosoa gavana. Katiba yetu ya 2010 haikwenda mbali kama Marekani. Kifungu cha 33 kinatoa uhuru wa kujieleza, kisha kinauondolea ulinzi uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, na kumtaka kila anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine.

Kuna upande mwingine pia. Mwaka 1897 huko London, mtu aitwaye Downton alimwambia Bi Wilkinson, kwa mzaha, kwamba mumewe amepata ajali na amelala Leytonstone miguu yote miwili imevunjika. Ulikuwa uongo. Mama yule aliugua kwa wiki kadhaa, na korti ikampa pauni 100. Hapakuwa na maoni wala mjadala pale, bali uongo uliopelekwa makusudi kwa mtu mmoja, na mwili wake ukaugua. Kwa hiyo maneno yakikulaza kitandani, nenda hospitali na utunze karatasi zote za daktari.

Ile sauti au ujumbe usiufute, hata kama hutaki kuuona tena. Andika siku ulipotumwa na nani walikuwa kwenye kundi. Ushahidi wa simu huhitaji cheti, yaani maandishi yenye sahihi yanayoeleza ulivyotolewa, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na picha ya ujumbe uliyoichapa kwenye karatasi bila cheti inaweza kukataliwa. Madai ya kuchafuliwa jina lazima yafunguliwe ndani ya miezi 12. Na tafadhali usijibu kwa sauti yako mwenyewe, kwa maana nayo itapelekwa kortini.

Nawe uliye na dai la kweli la shamba, liseme. Lipeleke kwenye baraza la chifu, lipeleke Mahakama ya Mazingira na Ardhi, taja namba ya ploti na miaka. Usilipeleke kwenye simu ya mjane aliye matangani.

Sisi hatukudai pesa. Barua ya wakili ilimtaka jamaa yule arekodi sauti nyingine, kwenye kundi lile lile, akanushe habari za hati. Alirekodi. Habari za baba tuliwaachia wazee wa ukoo, na njia hiyo usiidharau: kifungu cha 159 cha Katiba kinaitambua, na wazee walimtaka aje amwombe mama radhi ana kwa ana, jambo ambalo wakili alikwishatuambia hakimu asingetuamulia.